Ukoo unataka jiwe la baba liandikwe Meja, uwakili uachwe

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, naishi Moshi mjini na nyumbani kwetu ni Old Moshi. Baba yetu alifariki mwaka jana, tukamzika kihambani kwake, yaani kwenye shamba lake la nyumbani. Desemba hii, watu wa mijini wakishapanda kuja kula Krismasi, familia imepanga ibada ya kumbukumbu na kuzindua jiwe la kaburi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, hivyo nimepewa kazi ya kuandika historia ya marehemu itakayosomwa siku hiyo pamoja na maneno ya kuchongwa kwenye jiwe. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Mpaka leo sijavuka ukurasa wa kwanza.

Baba alikuwa mwanajeshi, kisha akawa wakili. Alipata kamisheni Monduli mwaka 1977, na mwaka uliofuata, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, akapelekwa mbele. Alivuka Mutukula na kikosi chake, akafika Kampala. Mimi nilizaliwa aliporudi. Katikati ya miaka ya themanini akaacha jeshi akiwa Meja, akaenda Mlimani kusoma sheria huku ana mke na watoto, darasa moja na vijana waliokuwa wakimwamkia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini akawa wakili, akafungua ofisi ya chumba kimoja hapa mjini. Mpaka anafariki nusu ya kijiji walimwita Meja, nusu walimwita Wakili, naye aliitikia kote kuwili. Bereti yake na joho lake jeusi la mahakamani vilikaa msumari mmoja nyuma ya mlango wa chumbani, na mama hajavitoa.

Ugomvi unatokana na kesi moja. Binamu yake baba alifariki mwaka 1995, akaacha mjane na mabinti watupu. Wazee wakasema kihamba ni cha ukoo na kinarudi kwa ukoo, na aliyetajwa kukishika ni baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Mahakama ya mwanzo ikawapa. Yule mama akaja kwetu usiku na khanga imemlowa mvua, na baba akamkatia rufaa. Walipanda nayo hadi Mahakama Kuu, akashinda. Mpaka leo anaishi pale pale na migomba yake.

Tangu hapo baba hakuitwa tena kwenye kikao cha ukoo. Kwenye harusi yangu viti vya wazee wa kwetu vilibaki vitupu. Nilimuuliza mara moja kama anajuta, akanijibu, "Jeshini unaamuru, mahakamani unaomba. Mimi niliomba, nikapewa." Akaendelea kula.

Sasa baba mdogo ndiye mwenyekiti wa ukoo. Amenitumia ujumbe kwamba jiwe liandikwe Meja na historia iishie jeshini, kwa sababu "huo uwakili ndio uliotuvunjia nyumba." Nikikaidi, ukoo hautakuja. Mama yangu anasema niandike wanavyotaka, yeye ndiye anayebaki huku juu na majirani hao, mimi narudi zangu mjini. Kaka yangu wa Dar es Salaam anasema niweke yote na majina. Yule mjane naye alikuja na mkungu wa ndizi, akaomba apewe dakika mbili za kusema siku hiyo. Na kuna mzee mmoja aliyepigana na baba anayetaka vita isimuliwe kwa kirefu. Ameniambia mambo ya Lukaya, kule Uganda walikopigana, ambayo baba hakuwahi kuyatamka ndani ya nyumba yetu.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni neno la baba mdogo alipokuwa akiondoka kwangu: "Unadhani aliacha jeshi kwa hiari yake?" Sikuwa na la kumjibu.

Nimefungua sanduku la bati la baba. Kuna majalada ya wateja na vitabu vya risiti. Kwenye risiti ya yule mjane, pale penye kiasi, ameandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka: "Mkungu mmoja wa mshare. Umepokelewa kwa shukrani." Natamani kuisoma risiti hiyo mbele ya watu wote, baba mdogo akiwepo. Najua hasira inaniendesha. Lakini nikinyamaza, si nitakuwa nimemzika mara ya pili?

Binti wa Meja (au wa Wakili, sijui tena), Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Mwaka mmoja ni mfupi, na umepewa kazi ya karani wakati bado ni mfiwa.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona wamekuzunguka watu watano, kila mmoja na baba yako wake. Baba mdogo anamtaka mwanajeshi. Mjane anamtaka wakili. Mzee wa Lukaya anamtaka mwenzake wa vitani. Kaka yako anamtaka aliyeonewa na ukoo, apate haki yake sasa. Mama yako anataka siku ipite salama. Wewe umekaa katikati na kalamu, ukiamini kwamba utakachoandika kitaamua ni nani kati ya hao alikuwa baba yako kweli.

Hapo ndipo ningependa tuanze kubishana kidogo. Nimehudhuria ibada nyingi za namna hii huko juu, Old Moshi, Kibosho, Marangu, na historia za marehemu karibu zote ni moja: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, akalala. Watu huzisikiliza nusu sikio, nusu wakiangalia kama ndafu imeiva. Sisemi hivyo kukudharau. Nasema usiibebeshe karatasi hiyo mzigo wa miaka yote ambayo wazee hawakuja kwenye harusi yako. Historia ya kaburini haina nafasi ya upande wa pili kujibu, na baba yako, kwa kazi aliyoifanya, angekuwa wa kwanza kuliona hilo.

Umechanganya pia vitu vitatu ambavyo si lazima viende pamoja: jiwe, historia inayosomwa, na kumbukumbu inayobaki kwenye familia. Jiwe lina nafasi ya mistari michache na litakuwepo wajukuu wako wakiwa wazee. Historia inasomwa kwa dakika kumi. Kumbukumbu ya familia haina kikomo cha kurasa, na haihitaji ruhusa ya mwenyekiti wa ukoo. Ukiyatenganisha haya, huenda ukaona kwamba ugomvi wote uko kwenye neno moja la jiwe na aya moja ya historia. Bado ni ugomvi, sikatai, ila umepungua.

Sasa nikuulize juu ya ile sehemu unayoiona rahisi. Wote mmekubaliana kwamba jeshi ndilo sehemu salama, lisilo na doa wala ugomvi. Una hakika? Vita ile tunaikumbuka kwa nyimbo na kwa hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978 ya sababu, nia na uwezo. Wenyeji wa Moshi tunaikumbuka na kwa ule mkutano wa Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walipokusanyika hapa mjini kwetu kupanga serikali ya kumrithi Amin, huku vijana wetu wakiwa bado njiani kuelekea Kampala, ambayo iliingiwa Aprili 11. Lakini ofisa kijana aliyepata kamisheni mwaka mmoja kabla hakuwa kwenye mkutano wala kwenye wimbo. Alikuwa na watu chini yake, na alipaswa kuwaambia nani atangulie. Wenzake wengine wamelala kwenye makaburi ya wanajeshi ya Kaboya, kule Muleba. Kama baba yako hakuwahi kuitamka Lukaya ndani ya nyumba yenu, hiyo nayo ilikuwa kauli yake. Yule mzee ana haki ya kusimulia Lukaya yake yeye, kwa mdomo wake, akiitwa mbele kama shahidi wa aliyoyaona. Wewe kuiandika kwa niaba ya baba ni jambo jingine. Mwulize mzee huyo kwanza: je, baba angependa lisomwe mbele ya watoto? Maswahiba wa vitani mara nyingi wanalijua jibu la swali hilo kuliko watoto.

Kuhusu lile neno la kuondokea la baba mdogo, naelewa lilivyokuchoma. Lakini angalia lilivyosemwa: kama swali, mlangoni, bila ushahidi, na mtu ambaye ana sababu ya kutaka unyamaze. Mimi sijui kwa nini baba yako aliacha jeshi, na wewe hujui, na inawezekana kabisa naye baba mdogo hajui. Karatasi zake za utumishi, kama zimo sandukuni, zitasema tarehe na cheo, pengine na sababu. Kama hazimo, familia inaweza kuandika barua jeshini na kuuliza kwa adabu. Kuna kitu kimoja unacho tayari: mtu hawi wakili nchi hii kwa kufungua tu chumba na kuweka kibao. Huomba kwa Jaji Mkuu, na katika maombi hayo tabia yake huulizwa. Hilo halithibitishi kwamba aliondoka jeshini kwa furaha. Linaonyesha tu kwamba waliomwangalia baada ya hapo hawakuona cha kumzuia. Na kama siku moja utagundua kwamba aliondoka kwa sababu isiyopendeza, je, ule mkungu wa mshare utapungua ndizi? Historia inaweza kusema "aliacha jeshi akiwa na cheo cha Meja, akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam", ikaendelea. Si uongo, wala haidai kujua usichokijua.

Twende kwenye kesi yenyewe, kwa sababu nadhani hata wewe unaiona kama ugomvi wa ndugu zaidi kuliko ilivyokuwa. Mwaka 1995 sheria ya mila iliyotangazwa na serikali mwaka 1963 ilikuwa bado ikitumiwa na mahakama za mwanzo, na kwa sheria hiyo mjane hakuhesabiwa mrithi wa mumewe pale ukoo wa mume ulipokuwepo. Kwa hiyo baba mdogo hakuamka tu asubuhi akaamua kumnyang'anya mwanamke shamba. Alikuwa na mila, alikuwa na wazee, na kwa ngazi ile ya kwanza alikuwa na hukumu. Mawakili hawakuruhusiwa hata kusimama mahakama ya mwanzo enzi zile, ndiyo maana baba yako aliingia kwenye rufaa.

Na alikuwa na nini mkononi? Jalada sijaliona, siwezi kukuambia alijenga hoja gani. Lakini wakili yeyote aliyemsimamia mwanamke kwenye shauri la ardhi ya ukoo miaka ile aliijua hukumu ya mwaka 1990 ya Mahakama Kuu kule Mwanza. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988, na mpwa wake akashtaki kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya akasema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Shauri hilo lilitoka Kagera, mwanangu, mkoa ule ule ambao baba yako alipelekwa akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu kuutoa mikononi mwa Amin. Sitaki kulipamba jambo hili. Nakuambia tu kwamba huenda Meja na Wakili hawakuwa mbali kihivyo, na kwamba anayetaka kuwatenganisha kwa msumeno atapata kazi.

Kwa hiyo baba mdogo anaogopa nini? Umeniambia anachotaka, hujaniambia umemuuliza anachoogopa. Mimi naweza kukisia. Alishindwa hadharani na kaka yake mwenyewe, mbele ya ukoo uliomtuma, kisha sheria ikaendelea kumpita: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Leo ni mzee, ni mwenyekiti, na anajua kwamba binti wa aliyemshinda ndiye atakayesoma. Yawezekana anapokuambia "acha uwakili" anaomba, kwa kiburi cha kizee, usimvue nguo mbele ya wajukuu zake. Au nimekosea, ni ukaidi mtupu. Hutajua mpaka ukae naye, na ukienda nenda na mtu anayeheshimiwa na pande zote, mchungaji au shangazi mkubwa kama yupo. Huko kwenu mtu akitaka kuomba radhi hubeba jani la sale. Sijui nani kati yenu anapaswa kulibeba, na si lazima ujue kabla hujaenda.

Njia unazoziona zina bei, na nisingependa ukazijulia siku yenyewe. Ukifuata ukoo moja kwa moja, mama yako atapata amani kwa majirani, lakini yule mjane atakaa kwenye kiti chake asikie maisha ya aliyemtetea yakikatwa katikati, na kaka yako huenda akasimama kujibu bila kupangiwa. Ukifuata kaka yako, na majina, utapata dakika kumi za kuridhika, kisha utashuka mjini na kaka atapanda basi la Dar es Salaam. Atakayekutana na shemeji yake kwenye njia ya kisimani ni mama. Sijaona mahali kwenye barua yako ulipomuuliza mama anataka nini yeye, mbali na kuogopa. Aliishi na mtu huyo tangu kabla ya vita. Bereti na joho ameviacha msumarini pamoja. Pengine ana maneno yake ya kuchongwa kwenye jiwe la mumewe na hakuna aliyemuuliza.

Ipo na njia ya kuandika kwa ufupi na ukweli: kwamba alifanya kazi ya uwakili Moshi tangu mwaka fulani, kwamba aliwatetea watu wengi wasio na uwezo, wakiwemo wajane katika mashauri ya ardhi. Bila jina la aliyeshinda wala la aliyeshindwa. Kila mtu pale atajua. Hatari yake ni kwamba inaweza isimridhishe yeyote: kaka ataiita woga, baba mdogo ataiita uchokozi uliofunikwa kitambaa. Vilevile unaweza kuacha wengine waseme, mwakilishi wa wastaafu wa jeshi kwa dakika zake na mwakilishi wa mawakili kwa dakika zake, ambao ukoo utaona taabu kuwanyamazisha kwa sababu ni wageni. Lakini hapo unakabidhi kipaza sauti, na kipaza sauti kikishatoka mkononi mwako hujui kitarudi na nini.

Kuhusu risiti, niwe mkali kidogo. Ile risiti haikuwa ya baba peke yake. Siri ya mteja ni ya mteja. Sheria ya Ushahidi inamfunga wakili asiitoe bila ridhaa yake, na kifungo hicho hakiishi kazi inapokwisha. Hukumu ya Mahakama Kuu ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kwenda masjala kuiomba, na nyingi siku hizi zinasomeka kwenye tovuti ya TanzLII. Yaliyomo sandukuni ni mambo mengine. Mjane aliomba dakika mbili za kusema. Hakukuomba umsomee umaskini wake wa 1995 mbele ya mabinti zake na wakwe. Huenda akafurahi, huenda akatamani ardhi ipasuke. Mpelekee hiyo risiti, mwonyeshe, kisha mwache aamue yeye kama itasomwa, na nani aisome. Majalada mengine usiyasome usiku kutafuta baba. Zungumza na chama cha mawakili hapo mkoani wakuelekeze namna ya kuyakabidhi, maana kuna watu ambao hati zao za mashamba zinaweza kuwa humo na hawajui pa kuzitafuta.

Umeniuliza kama kunyamaza ni kumzika mara ya pili. Sidhani swali hilo lina jibu moja, na naona ni la hasira kuliko la huzuni. Baba yako mwenyewe alinyamaza sana: kuhusu vita, kuhusu ukoo, kuhusu viti vitupu vya harusi yako. Alipoulizwa alijibu sentensi mbili akaendelea na chakula. Inawezekana kunyamaza huko kulimuuma. Inawezekana pia alikuwa ameshasema yote aliyotaka kuyasema, mahali palipotakiwa, akiwa amevaa joho.

Una muda kabla ya Desemba. Ningeanza na mama, kisha mjane, kisha yule mzee, na baba mdogo awe wa mwisho, ukiwa tayari unajua wenzako wanataka nini. Lile jiwe nalo, fundi mwambie achonge jina na tarehe za kuzaliwa na kufa kwanza, na mstari wa cheo auache wazi mpaka utakapomletea karatasi iliyosainiwa na mama yako.